Kuvalisha Gari Vinili Uingereza: Karatasi Kwanza, Fundi Baadaye

Kila gari lililosajiliwa Uingereza lina rangi mbili: ile inayoonekana barabarani, na ile iliyoandikwa katika kumbukumbu za DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari yenye makao yake mjini Swansea. Maadamu rangi hizo zinalingana, hakuna askari atakayekuuliza kitu. Mwenye gari anapoamua kulivalisha vinili, ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya rangi ya gari, iwe ya kijani isiyong'aa, ya zambarau inayogeuka kila jua linapoipiga, au ya kromu inayomulika kama kioo, anaibadilisha rangi ya kwanza kwa siku tatu au nne tu. Ile ya pili haibadiliki mpaka yeye mwenyewe aiarifu DVLA. Matatizo mengi ninayoyaona kwa Waswahili wenzangu huku yanazaliwa katika pengo hilo, wala hayatokani na vinili yenyewe, kwa kuwa kuvalisha gari si kosa.

Binamu yangu alilijua pengo hilo usiku mmoja wa Novemba, kwenye njia ya kutokea barabara kuu ya M1. Gari lake lilikuwa la rangi ya fedha tangu kiwandani, naye alikuwa amelivalisha kijani cha mzeituni wiki mbili kabla. Askari waliokuwa nyuma yake waliiuliza kompyuta juu ya namba ile, kompyuta ikawajibu kwamba ni gari la rangi ya fedha, na mbele yao lilikuwapo la kijani. Kwa askari wa barabarani, picha ya namna hiyo huashiria namba iliyonakiliwa na kubandikwa kwenye gari la wizi. Alikaa kando ya barabara kwa muda wa karibu saa nzima, huku mmoja wao akiisoma namba ya chesisi kwa tochi kupitia kioo cha mbele, na mwenzake akiinua kwa ukucha ukingo wa vinili kwenye fremu ya mlango ili aione rangi ya chini. Walimwachia kwa onyo. Ule ukingo haukurudi kushika vizuri tena.

Maelezo yanayofuata yanahusu magari binafsi na ya kazi katika England, Wales na Scotland. Kwa Ireland ya Kaskazini usajili nao uko mikononi mwa DVLA tangu mwaka 2014, ingawa ukaguzi wa magari huko una chombo chake.

Rangi katika logibuku

Hati ya usajili wa gari huku inaitwa V5C, na karibu kila mtu huiita logibuku. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa humo ni namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya mafuta, ujazo wa injini, na rangi. Kanuni za Usajili na Leseni za Magari za mwaka 2002 zinamtaka mtunzaji wa gari aiarifu DVLA mara yanapofanyika mabadiliko yanayoyafanya maelezo ya hati hiyo yasiwe ya kweli, na ambaye hakufanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kanuni haitofautishi rangi ya kupulizwa na rangi ya kubandikwa. Wapo mafundi wanaowaambia wateja kwamba, kwa kuwa vinili hubanduliwa, basi rangi halisi ya gari ni ile iliyo chini yake na hakuna haja ya kuandika popote. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini askari na kamera huliona gari kwa nje, na logibuku ipo ili gari litambulike kwa nje.

Linalohesabiwa ni rangi inayotawala. Ukivalisha paa peke yake kwa rangi nyeusi, au boneti, au vioo vya pembeni, au ukachora mistari miwili ya michezo kutoka mbele hadi nyuma, gari jekundu linabaki jekundu na logibuku haina la kurekebishwa. Ukivalisha gari zima huku ukiacha fremu za milango kwa rangi ya zamani, kama wafanyavyo wengi ili kupunguza gharama, gari limebadilika rangi. Katikati ya hali hizo mbili kuna magari ya nusu kwa nusu, na kwa hayo DVLA hukubali kuandika rangi mbili, au kuliita gari la rangi nyingi. Kipimo changu ni rahisi: kama shahidi aliyeliona gari likipita angelitaja kwa rangi tofauti na iliyoandikwa kwenye hati, basi hati imepitwa na wakati.

Usihangaike na majina ya kitabu cha sampuli. Kampuni za vinili zina majina ya kupendeza kwa kila kivuli cha kijivu, lakini DVLA inaandika rangi za msingi tu: kijivu ni kijivu, buluu ni buluu, hata kama umelipia zaidi ili ising'ae au iwe na chembe za lulu. Kwa vinili zinazogeuka rangi kwa kufuata pembe ya mwanga, andika rangi inayoonekana zaidi gari likiwa limesimama mchana wa kawaida.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Logibuku za sasa, zenye visanduku vya rangi mbalimbali vilivyotiwa namba kwenye ukurasa wa mbele, zina sehemu ya kwanza kwa ajili ya mabadiliko ya gari. Zile za mtindo wa zamani zina sehemu ya saba kwa kazi hiyohiyo. Unajaza rangi mpya, unaandika tarehe ya mabadiliko, unatia saini, na kuituma hati yote kwa posta kwenye anwani ya Swansea iliyochapwa humohumo. Hakuna ada. Hakuna picha wala risiti ya fundi inayotakiwa kwa rangi, tofauti na mtu anayebadilisha injini, ambaye hudaiwa ushahidi. Logibuku mpya hurudi baada ya wiki kadhaa.

Nina mambo mawili ya kuongeza hapa, nayo nimejifunza kwa kuchelewa. La kwanza ni kwamba usiitume hati kabla kazi haijakamilika, kwa sababu unatia saini chini ya badiliko lililokwisha kufanyika, na fundi anaweza kuishiwa na roli ya rangi uliyochagua ukaishia na rangi nyingine. La pili ni kwamba, kabla ya kufunga bahasha, upige picha kurasa zote zilizojazwa na uombe pale posta cheti cha uthibitisho wa kutuma, ambacho hutolewa bure. Katika wiki zile ambazo hati iko njiani, kumbukumbu ya kompyuta bado ina rangi ya zamani, na picha iliyo kwenye simu yako ndiyo itakayomweleza askari. Aliyepoteza logibuku yake hana budi kuomba nyingine kwanza kwa fomu V62 na ada ya pauni 25.

Kama gari si lako

Jina lililoandikwa kwenye logibuku ni la mtunzaji aliyesajiliwa, na hati yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Tofauti hii haiwasumbui watu mpaka wanapotaka kuligusa gari. Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa aina ya HP au PCP, unaolipwa kidogokidogo kila mwezi, ni mali ya kampuni ya fedha mpaka deni limalizike, na mikataba hiyo kwa kawaida inakataza mabadiliko bila idhini ya maandishi. Gari la kukodi kwa miaka miwili au mitatu lina masharti magumu zaidi, maana litarudishwa na litakaguliwa likiwa uchi: vinili ikibanduliwa na kung'oa kipande cha rangi, hasa pale palipowahi kupakwa upya baada ya ajali, gharama ni yako. Zaidi ya hayo, logibuku ya gari la kukodi mara nyingi hukaa kwa kampuni, kwa hiyo hata ukitaka kutimiza wajibu wa kuarifu rangi mpya, huna karatasi ya kujaza. Barua pepe ya mistari mitatu kwa kampuni, yenye jina la vinili, rangi, na ahadi ya kuibandua kabla ya kurudisha gari, inatosha kupata jibu. Jibu likiwa hapana, ni hapana.

Bima

Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba, kwa kuwa vinili haiongezi mwendo wa gari, kampuni ya bima haihusiki. Kampuni nyingi huhesabu uvalishaji wa gari zima kuwa ni mabadiliko, na sababu zao si za ajabu: gari linavutia macho zaidi, na likigongwa ubavuni fundi wa bampa na milango hawezi kupuliza rangi akamaliza, bali itabidi vinili nayo ipatikane na kubandikwa upya.

Wajibu wa kusema unatofautiana kulingana na wakati. Unaponunua bima, au unapoihuisha mwisho wa mwaka, Sheria ya Bima ya Watumiaji ya mwaka 2012 inakutaka uchukue uangalifu wa kutosha usitoe taarifa isiyo ya kweli; ukiulizwa kama gari limebadilishwa chochote, nalo limevalishwa, jibu ni ndiyo. Katikati ya mwaka, kinachokufunga ni masharti ya mkataba wako, ambayo kwa kawaida yanakudai uarifu mabadiliko ya gari yanapofanyika. Soma ukurasa wenye neno la mabadiliko kabla ya kumpa fundi amana.

Sheria hiyo inatofautisha aliyedanganya kwa makusudi na aliyeghafilika. Wa kwanza anaweza kufutiwa mkataba wote na malipo yake yasirudishwe. Wa pili hupunguziwa kwa uwiano, na hesabu yake inafaa kuonyeshwa. Tuseme ulilipa pauni 600 kwa mwaka, na kampuni inathibitisha kwamba ingelijua habari ya vinili ingelikutoza 800. Ulilipa robo tatu ya bei iliyostahili, kwa hiyo inaruhusiwa kukulipa robo tatu ya dai lako: hasara ya pauni 4,000 inalipwa 3,000, na elfu moja iliyobaki unaitafuta mwenyewe. Ukilinganisha na nyongeza ndogo ambayo ingetakiwa, au pengine isingetakiwa kabisa, simu ya dakika kumi ni nafuu kubwa. Katika simu hiyo uliza maswali mawili yaliyo tofauti: kama wanakubali gari livalishwe, na kama thamani ya vinili yenyewe inaingia katika fidia. Wengi hulikubali la kwanza kwa wepesi na kulikataa la pili. Omba majibu yaje kwa maandishi.

Vioo, taa na kibao cha namba

Fundi akishakuwa na kisu mkononi na vipande vilivyobaki mezani, hushawishika kuendelea: tinti kidogo kwenye vioo, moshi mwepesi, yaani utando wa kutia giza, juu ya taa, mpaka mweusi kuzunguka kibao cha namba. Nyongeza hizi ndizo zinazowafikisha watu mahakamani kuliko rangi ya mwili wa gari, nazo zinastahili kuangaliwa moja baada ya nyingine.

Kwa gari lililotumika mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1985 au baadaye, kioo cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vioo viwili vya pembeni mwa dereva na abiria wa mbele angalau asilimia 70. Kwa gari la kabla ya tarehe hiyo, vyote ni asilimia 70. Vioo vya nyuma ya dereva havina kiwango, na ndiyo maana unaona magari yenye vioo vyeusi kabisa kuanzia mlango wa nyuma. Mtego uko katika hesabu. Kioo cha kiwandani si cheupe kama maji. Mara nyingi tayari kimepunguza mwanga. Chukua kioo cha mlango kinachopitisha asilimia 78, ukakibandika tinti ambayo kwenye boksi lake imeandikwa asilimia 85 na ambayo muuzaji anaapa kwamba ni halali. Asilimia 85 ya 78 ni kama 66, na tayari uko chini ya sheria, ingawa kwa macho hakuna anayeona tofauti. Askari anayo mashine ndogo yenye vipande viwili, anavibana kila upande wa kioo, na namba inatokea palepale. Akiikuta iko chini, anaweza kukutoza faini, au kukupa hati inayolizuia gari lisitumike mpaka tinti itolewe. Nimewahi kumwona kijana akiibandua kwa kucha zake na maji ya chupa kwenye eneo la kuegesha magari, mvua ikinyesha.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mkaguzi wa MOT, ukaguzi wa kila mwaka, hapimi tinti kwa mashine hiyo. Gari linafaulu, mwenyewe anaamini amebarikiwa, kisha anashangaa barabarani. Anachokiangalia mkaguzi ni vizuizi vya kuona. Katika ukanda wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, ndani ya eneo linalofagiliwa na waipa, stika haitakiwi kuingia zaidi ya milimita 10. Kwingineko katika eneo hilo kiwango ni milimita 40. Utepe wa jina unaobandikwa juu ya kioo cha mbele uwe juu ya mahali waipa zinapofika, na huna la kuogopa.

Kwa taa, ushauri wangu hauna mapambo: usibandike chochote. Kanuni za Taa za Magari za mwaka 1989 zinataka kila taa ya lazima iwe safi na ionekane, na mwongozo wa MOT unakihesabu kitu kilichobandikwa juu ya lenzi kuwa ni kasoro. Kikipunguza mwanga kwa kiasi cha kuonekana, gari linaanguka. Pamoja na taa, angalia viakisi vyekundu vya nyuma, vile vidude vya plastiki vilivyo chini kwenye bampa. Havina balbu, kwa hiyo fundi huviona kama pambo na kuvivalisha pamoja na bampa. Ni vya lazima kisheria, na gari lililoegeshwa gizani huonekana kwa hivyo.

Kanuni hizohizo zinagusa vinili yenye kuakisi mwanga. Huruhusiwi kubandika mbele ya gari kitu kinachorudisha mwanga mwekundu, na upande wa nyuma mwanga unaorudi unatakiwa uwe mwekundu, isipokuwa kwa vitu vichache vilivyotajwa, kama kibao cha namba. Maandishi meupe yanayowaka usiku yakimulikwa, yakibandikwa kwenye mlango wa nyuma wa gari, yanavunja kanuni hata kama yanatangaza duka la maandazi. Weka maandishi ya kuakisi ubavuni, au tumia vinili ya kawaida nyuma.

Kibao cha namba hakivalishwi, hakipakwi moshi, hakiwekewi mchoro nyuma ya herufi. Herufi ni nyeusi, za urefu wa milimita 79 na upana wa 50, isipokuwa I na 1. Cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha njano. Vibao vipya vilivyofungwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2021 lazima vifuate kiwango cha BS AU 145e, kinachotaka weusi wa herufi uwe mmoja, bila vivuli viwili vya kuigiza kina. Vibao vyeusi vyenye herufi za fedha, ambavyo hupendwa na wenye magari yaliyovalishwa nyeusi isiyong'aa, vinaruhusiwa kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980 na kusajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria tu. Faini hapa pia inafika pauni 1,000, na MOT huanguka.

Kuhusu kromu, ambayo huulizwa kila wiki, hakuna kanuni inayoikataza kwa jina. Ziko kanuni za jumla za mwaka 1986 juu ya ujenzi na matumizi ya magari, zinazokataza gari lisiwe katika hali ya kuhatarisha wengine, na dereva aliyepofushwa na ubavu wa gari lako anaweza kuzitaja. Tatizo la kila siku zaidi ni rada zilizofichwa nyuma ya bampa kwa ajili ya breki za dharura: vinili yenye madini ndani yake inaweza kuzizuia zisione. Mwambie fundi aache bampa ya mbele kwa vinili ya kawaida, au akuonyeshe maandishi ya mtengenezaji wa gari.

Madereva wa teksi

Waswahili wengi huku, hasa katika miji mikubwa, hula mkate wao kwenye gari la abiria, na kwao yote niliyoyasema ni nusu ya kazi. Gari la kukodi lenye leseni liko chini ya halmashauri iliyotoa leseni hiyo, na London liko chini ya TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo. Kila halmashauri huandika masharti yake: ipo inayotaka teksi zake ziwe za rangi moja, ipo inayokataza magari ya wito, yale yanayobeba abiria walioagiza tu, yawe ya rangi hiyo ili abiria asichanganye, na nyingi zinataka kuelezwa kabla mwonekano wa gari haujabadilika. Leseni ya gari lako imeandikwa rangi, kama ilivyoandikwa logibuku. Dereva anayevalisha gari Ijumaa na kurudi kazini Jumamosi, bila neno kwa ofisi ya leseni, anaweka rehani leseni yenyewe, nayo inauma kuliko faini. Matangazo ubavuni nayo yanahitaji kibali; dereva wa gari la wito London asibandike tangazo la mtu kwa ahadi ya pauni chache kwa mwezi kabla ya kupata neno la TfL.

Anayetoka nyumbani hulielewa jambo hili upesi. Matatu ya Kenya inadaiwa mstari wa njano tangu mwaka 2004, hata ikiwa imepambwa kwa michoro mingapi, na kwenye daladala za Dar es Salaam abiria asiyeweza kusoma kibao huijua njia kwa rangi za ubavuni. Hata biashara yenyewe ya kuvalisha magari ilipata msukumo kutoka kwenye sharti la namna hii. Wenye teksi Ujerumani, waliotakiwa kuendesha magari ya rangi ya pembe ya ndovu, waligundua kwamba gari la rangi hiyo halina mnunuzi likizeeka. Wakalinunua jeusi, wakalivalisha, na siku ya kuliuza wakalivua.

Maandishi ya biashara na sura za kiserikali

Van yenye jina la duka na namba ya simu haihitaji kibali cha mipango miji nchini England, kwa sharti kwamba inatumika kama gari la kusafiri na kubeba mizigo. Ikiegeshwa wiki nzima kwenye shamba kando ya barabara kuu ili isomwe tu, imegeuka bango, na halmashauri ina mamlaka ya kuiondoa chini ya kanuni za matangazo za mwaka 2007. Angalia pia hati ya nyumba yako au mkataba wa upangaji: mitaa mingi mipya ina sharti linalokataza magari yenye maandishi ya biashara kulala mlangoni, na majirani hulijua sharti hilo kuliko wewe.

Miraba ya njano na buluu iliyopangwa kama ubao wa drafti ni alama ya polisi, na ya kijani na njano ni ya gari la wagonjwa. Sheria ya Polisi ya mwaka 1996 inaifanya kosa kujifanya askari kwa nia ya kudanganya, na gari lenye miraba hiyo likimfanya dereva mwingine akupishe njia, maelezo yako kwamba ni mapambo ya harusi hayatasikilizwa kwa hamu.

Siku ya kuibandua

Vinili ikitolewa, wajibu uleule unarudi: logibuku inajazwa tena, inatumwa tena Swansea, na bima inapigiwa simu. Mtu anayeliuza gari afanye hivyo kabla ya tangazo, kwa kuwa mnunuzi anayeiingiza namba kwenye tovuti ya historia ya MOT ataonyeshwa rangi iliyo kwenye kumbukumbu, na ikitofautiana na picha atadhani gari lina siri.

Kwa anayelipeleka gari nyumbani kwa meli, jambo hili lina uzito wa pekee. Gari likitoka Uingereza moja kwa moja, unaijaza sehemu ya usafirishaji wa kudumu katika V5C na kuituma DVLA, na sehemu iliyobaki unasafiri nayo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kulisajili upya Mombasa au Dar es Salaam. Rangi iliyoandikwa humo ndiyo itakayoingia kwenye karatasi za forodha na baadaye kwenye kadi mpya. Gari lililoandikwa jeupe likishuka bandarini la buluu, mwenyewe atakuwa na kazi ya kumweleza ofisa wa forodha, katika joto la bandari na foleni ya watu nyuma yake, kwamba weupe uko chini ya plastiki. Ama uibandue kabla ya kulikabidhi gari kwa wakala wa meli, ama urekebishe logibuku mapema kiasi cha kuipokea mpya mkononi kabla ya tarehe ya kupakia. Wiki sita za nafasi zinatosha, wiki moja haitoshi.